Simu ya Kifuani

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, baada ya ibada

Ndugu yangu Fabian,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa niaba ya sisi sote uliotuacha huku bila kutuaga. U hali gani? Najua barua zote huanza hivi, na msomaji huparuka hapo haraka ili afike kwenye habari. Leo tafadhali usiparuke. Nakuuliza kweli kweli: u hali gani, unalalaje, unapumua vipi ukipanda juu ya ule mtambo wenu wa kuchimba visima? Mimi sijambo kwa kiasi nitakachokueleza mbele. Shemeji yako Calvince hajambo, watoto hawajambo. Baba yupo kule kijijini Pap Onditi. Anakula kidogo, anatembea mpaka kaburini na kurudi, halafu anasema amechoka.

Utashangaa dada yako amekuandikia barua kama watu wa zamani. Sasa ungetaka nifanye nini? Nikikupigia naambiwa mteja hapatikani. Nikikuandikia kwenye WhatsApp, inabaki tiki moja tangu wiki ya mazishi ya Mama mpaka leo. Uliondoka hema zikiwa bado hazijashushwa, wageni wakiwa na sahani mkononi, na Baba akawa anauliza kila anayepita kama amekuona. Nilikukasirikia sana, sikufichi. Nilisema huyu kijana akirudi nitamchapa hata kama ana ndevu.

Ikabidi Mungu amlete Mbugua, mwenzako wa kazini. Alikuja Kisumu kutafuta vipuri vya mtambo, akaulizia fundi Awuor anayeshona yunifomu za shule, akaelekezwa mpaka mlangoni kwangu. Hakuja kukushtaki, usimwonee. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakataa chai mara ya kwanza, mara ya pili akakubali, na kikombe kilipofika katikati ndipo akasema ana hofu juu yako. Alisema siku hizi ukiwa kazini unaacha spana ghafla na kujishika kifua. Unaenda kukaa juu ya mabomba, jasho linakutoka hata ukiwa kivulini, na midomo inakuwa kama umelamba majivu. Akikuuliza, unamwambia asijali, ni Mama anakuita kwa sababu siku ile hukushika simu.

Mbugua alisema mwanzoni aliheshimu. Alidhani ni mambo ya watu wetu, na yeye ni mtu wa Nyeri, hakutaka kuingilia. Lakini juzi ulianguka karibu na mtambo ukiwa unazunguka, akakudaka kwa shati, na kitambaa kikabaki mkononi mwake. Alinionyesha mkono aliokudakia.

Basi ndiye aliyebeba barua hii. Nimemwambia akupe mkononi na asimame hapo mpaka umalize. Ni mpole, lakini nimeyaona mabega yake. Ukijaribu kuitia mfukoni, atakukalia.

Nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu nadhani wewe na mimi tumeikumbuka hadithi moja na tukaikumbuka vibaya. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, ukaanguka kutoka juu ya lori la kokoto ukavunjika mguu? Siku hiyo Mama alikuwa anapepeta mtama uani. Mimi nilikuwepo. Aliangusha ungo, akashika kifua, akasema kinaruka kama kuku aliyeshikwa miguu, na akasema Fabian ana shida. Baba akamwambia aache maneno. Jua halijageuka, mwalimu wenu akapiga simu. Toka siku hiyo nani angebishana naye? Kifua chake kikawa ndio simu ya nyumba yetu. Baba alikiita mtandao wa mama yenu usioisha salio. Majirani wakawa wanakuja kuuliza habari za watoto wao walio Nairobi, na Mama anacheka, anawaambia yake inashika mtu mmoja tu.

Mtu huyo ulikuwa wewe, kitinda mimba wake. Mimi wala sikuona wivu. Uongo, niliona wivu kidogo. Ulipokwenda Turkana kuchimba visima, kule ambako mtandao wenyewe haupatikani mpaka mtu apande kilima, Mama hakulia kama wamama wengine. Alisema yeye habari zako atazipata. Kifua kikiruka anakupigia, na ukishika ukasema uko salama, anasema asante Yesu, kimetulia. Tukaona ni jambo tamu. Nilikuwa nalisimulia kwa wateja wangu huku nikiwapima mabega.

Sasa siku ile ya mwisho. Najua umejisimulia mwenyewe usiku na mchana, lakini wewe hukuwepo, na wale walioshuhudia walinieleza. Mama alikuwa kwenye meza yake ya mtama sokoni. Kifua kilianza kuruka asubuhi, akakupigia, hukupatikana. Kikaruka tena, kwa nguvu, hata jirani yake wa meza akaona shingo yake inapiga. Alikuwa anahema. Aliambiwa pikipiki ipo, apelekwe kituo cha afya, pale pale karibu, mwendo wa kumaliza muwa. Akakataa. Akasema mgonjwa si yeye, mgonjwa ni mwanawe, na akiondoka pale ambapo mtandao unashika vizuri atampataje? Akaendelea kukupigia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi akabadilisha simu akaishika kwa wa kulia. Hivyo ndivyo alivyokuwa alipoanguka.

Ndiyo, ndugu yangu. Ulikuwa kisimani, simu imezimika, ulipopanda kilima jioni ukakuta jina lake limejaa kwenye kioo. Naelewa. Ningekuwa mimi ningelia mpaka macho yatoke. Lakini ungeshika simu ungefanya nini? Ungemwambia uko salama, naye angesema asante Yesu, na angeendelea kuuza mtama huku moyo wake unazama. Kilichotakiwa siku ile hakikuwa sauti yako. Ilikuwa ile pikipiki.

Sasa naja kwenye neno ambalo Mama aliniomba nisikuambie. Tulimleta hospitali hapa Kisumu akiwa bado anajijua, na Mungu alitupa siku mbili naye. Daktari aliyemshughulikia ni mama mmoja anaitwa Nabututu, mfupi, anaongea taratibu, na hana haraka na mgonjwa. Walimbandika Mama nyaya kifuani, wakampiga picha ya moyo. Daktari akatuambia mimi na Calvince kwamba moyo umetanuka na kulegea kwa muda mrefu, na mapigo yamevurugika. Kule kuruka ndiko kulikuwa kuvurugika kwenyewe, miaka yote. Akauliza kama hakuna aliyewahi kumpima. Nikasema hapana, kwa kiburi kabisa, kwamba mama yetu hajawahi kuugua.

Daktari alipotoka, Mama akanivuta mkono. Akaniambia nisimlaumu yeyote, kwa sababu yeye alishapimwa. Nikadhani anaweweseka. Akanieleza kwamba mwaka juzi madaktari walipokuja kupima watu bure kanisani Pap Onditi, kijana mmoja alimsikiliza kifua na uso wake ukabadilika. Akamwandikia aende Kisumu. Akaja kimya kimya siku moja ambayo sisi tulijua amekwenda kununua magunia, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Akavimeza. Na vikafanya kazi, Fabian. Kifua kikatulia kabisa.

Mama akasema kilipotulia aliona ukiwa ambao hakuutegemea. Alikuwa anakaa jioni na kungoja, na hakuna kitu. Alisema ilikuwa kama umemkatia simu. Alijiuliza sasa atajuaje kama mtoto yuko hai huko jangwani? Akaviacha vile vidonge. Baada ya siku chache kikaanza kuruka tena, na akasema, ndugu yangu, haya ni maneno yake, kwamba alifurahi. Alipiga magoti akashukuru.

Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kumkumbatia. Nikamuuliza tu, ile siku ya lori la kokoto ilikuwaje basi? Akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule mwingine ulikuwa umeshapooza. Akasema kifua kilikuwa kimeshaanza kuruka mara nyingi kabla ya siku ile, na kiliruka mara nyingi baadaye ukiwa salama salmini unakula ugali wako. Hizo hakumsimulia mtu. Ukiwa salama kulikuwa na habari gani ya kusimulia? Ile moja iliyogongana na shida ndiyo tuliyoishika sote, hata yeye.

Aliniomba nisikuambie habari ya vidonge. Alisema utaibeba kama gunia na hutaitua. Nikaahidi. Kesho yake alfajiri akaenda, akiwa amelala ubavu, kama alivyokuwa analala nyumbani. Nilikuwa nimeshika vidole vyake na sikutambua mara moja kwamba vimeniacha.

Nimevunja ahadi ya marehemu, na nitajibu mwenyewe tukikutana naye. Nimeivunja kwa sababu Mbugua alikaa kwenye benchi langu akaniambia unakaa juu ya mabomba na kusema Mama anakuita. Najua unachofikiria sasa hivi. Unafikiria alikufa kwa ajili yako. Fabian, Mama alikosea. Inaniuma kuandika hivyo, kalamu yenyewe inakataa, lakini alikosea. Alitupenda kuliko mtu yeyote atakavyotupenda, na alikosea. Hukumwambia aache dawa. Hukujua kama dawa ipo. Na wewe unataka kufanya kosa lile lile, tena kwa kujiadhibu.

Baba nimemweleza habari ya kuitwa kwako. Alifikiri, akasema Mama amelala vizuri, na kama angetaka kumsumbua mtu angeanza na yeye, ambaye kwa miaka yote alikuwa anamaliza maziwa ya chai kabla yake. Akacheka, kisha akafuta macho kwa kofia. Akasema nikuambie Mama hamwiti mtu yeyote. Amepumzika.

Kuna la mwisho, na hili linanihusu mimi.

Baada ya mazishi nilirudi mjini nikajitia kazini, maana shule zilikuwa zinafungua na sare zilikuwa zimelala juu ya meza. Siku moja nakata kitambaa, kifua changu kikaruka. Si kupiga haraka kama mtu aliyekimbia. Kiliruka, kikasita, kikaruka tena bila mpangilio, kama kitu hai kinatafuta mlango wa kutokea. Na unajua nilifanya nini, mimi niliyekaa hospitalini na kuelezwa yote hayo na daktari, tena na Mama mwenyewe? Niliweka mkasi chini nikakupigia simu. Nilisema ni Fabian, kuna kitu kimempata. Mteja hapatikani. Nikakaa sakafuni katikati ya vitambaa nikakulilia kama umekufa, na sikukumbuka hata kidogo kwamba anayeumwa ni mimi.

Mara ya pili kilikuja na kizunguzungu, macho yakaingia giza, nikaegemea cherehani. Calvince hakuniuliza. Alinipakia akanipeleka. Daktari Nabututu alipoliona jina langu kwenye karatasi alikaa kwanza, ndipo akanishika mkono. Wakanibandika zile nyaya, hazichomi wala haziumi, ni baridi tu. Wakapiga picha. Moyo wangu pia umeanza kutanuka, Fabian. Ni ule ule wa Mama. Daktari alisema kuna mioyo ya namna hiyo inayotembea kwenye ukoo, na kwamba tuliozaliwa na Mama lazima tupimwe, hata asiyehisi chochote. Watoto wangu wamepimwa, kwa sasa ni wazima. Aliyebaki ni wewe, na wewe umeshaanza kuanguka.

Nikamuuliza daktari kwa niaba yako, kwa sababu nakujua utasema ni uchovu, ni jua la Turkana, ni kuzidisha chai ya rangi. Akasema ni kweli moyo wa mtu unaweza kushtuka mara moja moja ukapita, na mara nyingi si kitu. Lakini ukirudia rudia, mtu aende akapimwe mchana kweupe kabla haujawa dharura, na asiseme umepita. Na siku ukija pamoja na kukosa pumzi, au kuzimia, au kifua kubanwa, au maumivu yanayokimbilia mkono na taya, au jasho la baridi, siku hiyo mtu hangoji kumaliza kazi wala hajiendeshi mwenyewe. Anapelekwa saa ile ile. Sasa jihesabie wewe mwenyewe, jasho kivulini, kuanguka, midomo ya majivu. Ungekuwa mimi na mimi ni wewe, ungeniambia nini? Ungenitukana.

Nameza dawa zangu kila asubuhi. Na nikuambie jambo ambalo hata Calvince sijamwambia. Siku kifua kilipotulia, nilimwelewa Mama. Nilikaa jioni pale mlangoni, kimya ndani, kimya nje, nikahisi kama wewe na yeye mmetoka pamoja mkafunga mlango na kuniacha. Nililia sana. Kwa muda, Mungu anisamehe, niliiangalia ile chupa ya dawa nikatamani kuiacha ili nihisi kitu. Asubuhi nikameza. Ukipewa zako, meza wewe pia, ndugu yangu. Kimya cha kifua ni kigumu lakini ndicho kinachotuweka hai.

Kwa hiyo fanya hivi, na sikuombi, nakuamuru, maana mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ulipokuwa bado unajikojolea. Usipande tena juu ya mtambo. Mbugua ameshaongea na msimamizi wenu, na gari la kampuni linalokwenda Lodwar lina nafasi yako. Nenda hospitali, waambie mama yetu alikufa kwa moyo uliotanuka na dada yako anao. Sema hivyo hivyo, usizunguke. Ukishapimwa, njoo nyumbani utibiwe ukiwa karibu nasi. Kitanda chako kipo, mashuka nimebadilisha.

Watoto wanakusalimu, hasa Sheryl, ambaye anasema ulimwahidi jiwe la kutoka chini ya kisima na hajaliona. Calvince anasema jezi yako ya Gor Mahia aliyokopa ataivaa mpaka uje umvue mwenyewe. Majirani wa Kaloleni wote wanakuuliza. Msalimie sana Mbugua, umwambie kile kikombe cha pili alichokataa bado namdai.

Baba anakusalimu kuliko wote. Simu ya Mama iko kwake. Kila jioni anaipeleka kwa jirani mwenye sola kuichaji, na anakaa nayo mapajani. Nilipomuuliza anangoja nini, alisema namba hiyo ndiyo unayoijua kwa kichwa. Ukitoka kwa daktari, usinipigie mimi. Piga hiyo.

Na kifua chako kikiruka tena njiani, usiseme ni Mama, wala usiseme ni Awuor. Mimi nakukumbuka tangu asubuhi mpaka usiku, nikikata, nikishona, nikiosha vyombo, na nimekukumbuka tangu mwanzo wa barua hii mpaka hapa, huku kifua changu kimetulia tuli. Kukukumbuka hakujakirusha hata mara moja. Kinachoruka ni moyo wako, Fabian, na unaumwa.

Wako anayekungoja,
dada yako,
Awuor